Namna ya Kumnyang'anya Shefu Nyongeza, Naye Akakushukuru

Dada, sogea karibu nikunong'oneze. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umegombania nafasi kwenye basi la Kanyosha, umefika mjini Bujumbura kabla ya shefu na umetoka baada yake. Unadhani ameona. Hajaona kitu. Anachokiona ni kwamba meza yako haina matatizo, na meza isiyo na matatizo haimkumbushi mtu kuongeza mshahara.

Mimi nataka ulipwe. Nataka ulipwe kama yule kijana wa meza ya pili, aliyeajiriwa mwaka mmoja baada yako na bado anakuuliza ripoti inaandikwaje. Barabara kuu ina vizuizi vingi kwa mwanamke, kwa hiyo nitakupitisha vichochoroni. Huko hatuibi wala hatudanganyi mtu akaumia. Kinachotakiwa ni ukubali jambo moja tu: shefu ni binadamu, na binadamu anapenda kujiona mkubwa. Fedha yako imejificha hapo hapo.

Kama mshahara wako unatoka Serikalini, nitakusaidia kidogo tu. Wewe umewekwa kwenye ngazi, na ngazi haibembelezwi. Dai kupandishwa, na ukae karibu na chama chako cha wafanyakazi. Ninayezungumza naye zaidi ni keshia, muuguzi wa kliniki ya mtu binafsi, mhasibu, sekretari, mwalimu wa shule ya kulipia, dada wa mapokezi: yule ambaye mshahara wake umo kichwani mwa mtu mmoja.

1. Iba namba

Usiende kwa shefu kabla hujajua wenzako wanaume wanalipwa ngapi. Na usiwaulize. Mwanaume ukimwuliza mshahara wake atakujibu, "Tunamshukuru Mungu," kisha ataagiza soda nyingine.

Fanya hivi. Jioni, pale kwenye mishikaki kando ya barabara ya Rumonge, wakati amekwisha kushiba na amelegeza tai, mtajie namba ya chini. Itaje kwa huruma. "Pole, kaka. Nasikia nyinyi wa mauzo bado wanawapa laki tatu tu." Kisha geukia ndizi zako.

Ataweka glasi mezani. "Laki tatu? Nani kakuambia? Mimi nachukua laki nne na themanini!" Mtu anaweza kuificha siri yake mbele ya swali hata mwaka mzima, lakini hawezi kuvumilia kudhaniwa fukara mbele ya watu wanaokula nyama. Mwambie hongera. Na kwa kuwa sasa yuko kwenye sifa, mwulize kama hiyo ni ya mkononi au kabla ya makato.

Swali hilo la mwisho lina fedha ndani yake, usilisahau. Kwenye mshahara wako mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, unachukua asilimia 4 kwa ajili ya pensheni, na ngazi zilizowekwa na sheria ya kodi ya mapato ya 2013 ni hizi: hadi faranga 150,000 hulipi kitu, kutoka hapo hadi 300,000 unakatwa asilimia 20, na kinachozidi 300,000 kinakatwa asilimia 30. Kwa hesabu hiyo, mtu wa laki nne akiongezewa 50,000 kwenye karatasi, mkononi zinaingia kama 33,600. Wengi wameshangilia nyongeza wakiwa ofisini, wakaja kununa mwisho wa mwezi wakidhani wameibiwa. Wewe dai ukijua unadai ya wapi, ya kwenye karatasi au ya mfukoni.

2. Sheria iwe mkobani

Ijue sheria, lakini isiwe salamu yako ya kwanza. Katiba ya Burundi ya 2018, kama ile ya 2005 kabla yake, inataka wenye uwezo sawa wanaofanya kazi sawa walipwe sawa bila ubaguzi. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu malipo sawa kati ya mwanamke na mwanaume ni wa 1951, na Burundi iliuridhia mwaka 1993. Sheria ya kazi iliandikwa upya Novemba 2020. Haki yako imeandikwa kila mahali isipokuwa kwenye bahasha yako ya mwisho wa mwezi.

Kima cha chini cha mshahara ndicho usikitegemee. Kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, 105 kwa kwingineko. Wakati ule 160 ilizidi dola moja. Kiwango hicho kilikaa pale pale kwa zaidi ya miaka 30, na sasa hakinunui hata andazi. Hilo linanikera kuliko yote humu ndani, maana msichana anayefagia duka hana namba ya kuegemea anaposimama mbele ya tajiri wake.

Kwa nini uifiche Katiba mkobani? Kwa sababu ukiitaja mapema, shefu ataacha kukusikia wewe na kuanza kusikia mahakama. Mpe kama sifa: "Shefu, najua wewe ni mtu wa kufuata sheria." Hakuna mwanaume atakayekukatiza useme hapana, mimi si mtu wa sheria. Ameshaingia ndani na mlango ameufunga mwenyewe.

3. Tafuta mwenzako mfanye mkataba wa kusifiana

Tumelelewa tukiambiwa kuku jike hawiki jogoo akiwapo. Mwanamke akitaja aliyoyafanya, anaitwa mwenye majivuno, na habari hiyo inafika nyumbani kwa mama mkwe kabla yake. Sawa. Usiwike. Mtafute jike mwenzako akuwikie, nawe umwikie.

Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Barack Obama walikuwa na utaratibu huo, na gazeti la Washington Post liliueleza mwaka 2016. Mmoja akitoa hoja mkutanoni, mwenzake anairudia na kulitaja jina la aliyeisema, ili asitokee bwana mmoja dakika kumi baadaye akaiokota na kuigeuza yake. Kama Ikulu ya Marekani walihitaji ujanja huo, kliniki ya Kanyosha unauhitaji mara mbili.

Kaeni chini mkubaliane. Wewe wa maabara, yeye wa mapokezi. Jumatatu unapita ofisini kwa shefu na karatasi nyingine kabisa, na wakati wa kutoka unasema: "Umeona foleni ya asubuhi ilivyopungua? Ni mama wa mapokezi, amepanga mafaili upya." Kisha unatoka, usikae kueleza. Alhamisi yeye anapita: "Shefu, wiki hii hakuna kipimo hata kimoja kilichorudiwa. Yule dada wa maabara anakagua kila chupa." Sifa iwe ya kweli, iwe fupi, na iwe na kitu kinachohesabika. Mkifanya hivyo kwa miezi miwili, siku mtakapoomba nyongeza shefu atajiona ni yeye aliyewagundua, kwa jicho lake kali la uongozi. Mwacheni na jicho lake.

4. Mrudishie maneno yake

Nunua daftari dogo. Kila shefu anapojisifu mkutanoni, andika, na tarehe uiweke. Atakudhania mfanyakazi mwenye adabu, na kweli unayo. Baada ya muda utakuwa na hazina: "Hapa kwangu anayeleta wateja ndiye mwenye kampuni." "Mimi simtupi mtu anayefanya kazi." Watu hawasahau upesi yule aliyeyakumbuka maneno yao.

Siku ya siku, anzia hapo. "Shefu, mwezi wa kwanza ulisema anayeleta wateja ndiye mwenye kampuni. Nilikwenda nayo nyumbani. Tangu siku ile wateja wapya 14 wamepitia mezani kwangu, majina yao haya." Halafu unyamaze. Sasa ana mambo mawili ya kuchagua, kukuongeza au kujikana mwenyewe.

Kuna maneno usiyatamke kamwe: "Maisha yamepanda, shefu." Ni kweli yamepanda. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ilishusha thamani ya faranga, dola ikaruka kutoka kama 2,090 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi tu, na mwaka ule bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya robo. Mtu aliyebaki na mshahara ule ule alipunguzwa mshahara bila barua. Lakini shefu naye amelala kwenye foleni ya petroli, naye ana ada za watoto. Ukimwimbia shida atakuimbia zake, tena kwa sauti kubwa zaidi, na ukitoka hapo umepewa avansi. Avansi ni fedha yako mwenyewe uliyokopeshwa. Mwezi ujao itakatwa na utarudi pale pale, safari hii ukiwa na deni la shukrani.

5. Nenda kama uliyetumwa

Hapa ndipo kichochoro chenyewe. Mwaka 2003 Linda Babcock na Sara Laschever walitoa kitabu Marekani kilichosema wanawake hawaombi: kati ya wahitimu waliochunguzwa, wanaume 57 kwa kila 100 walijadiliana mshahara wa kuanzia, wanawake 7 tu. Watu wakaanza kutuimbia wimbo huo: ombeni, dada zetu, ombeni! Kisha mwaka 2018 Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald wakachapisha utafiti wa wafanyakazi wa Australia. Wanawake wale waliomba sawasawa na wanaume wenzao. Wanaume walioomba, kama 20 kwa kila 100 walipewa. Wanawake, kama 15.

Kwa hiyo midomo yetu haina kasoro, dada. Masikio ndiyo yenye kasoro, na masikio hayo hutayatibu wewe ndani ya dakika kumi ofisini kwa mtu. Babcock huyo huyo na Hannah Riley Bowles walionyesha kwamba mwanamke anayedai nyongeza wazi wazi huchukiwa zaidi kuliko mwanaume anayedai vivyo hivyo. Lakini mwaka 2013 walionyesha na mlango wa nyuma: mwanamke akisema ameshauriwa na kiongozi wa timu yake aombe, au akiuonyesha ujuzi wake wa kujadiliana kama faida anayoiletea kampuni, anasikika bila kununiwa.

Kwetu jambo hilo halina ugeni. Hata mahari, kijana hasimami mwenyewe kutaja ng'ombe. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji wakishindana kwa maneno matamu hakuna anayewaita wachoyo. Basi jipatie msemaji. Nenda kwa mhasibu mzee anayeheshimiwa, mwulize, "Baba, kwa kazi hii ninayofanya sasa, wewe ungenishauri nizungumze na shefu?" Atasema ndiyo, maana amepewa heshima ya kushauri. Sasa una neno la kweli la kwenda nalo: "Shefu, mzee wa hesabu alinishauri nije nizungumze nawe kuhusu mshahara wangu." Hujajituma. Umetumwa.

6. Namba yenye mkia, kisha kimya

Chagua wakati. Bajeti ikiwa bado mbichi, si baada ya kufungwa; siku ambayo mteja mkubwa amemsifu, si siku ambayo gari lake limezimika Musaga. Asubuhi, kabla watu wengine hawajamchosha kwa maneno.

Namba yako iwe juu ya ile unayoitaka, na iwe na mkia. Usiseme laki tano. Sema 487,000. Malia Mason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2013 kwamba namba isiyo ya mviringo humfanya anayeisikia adhani mwenye kuitaja amepiga hesabu, naye husita kuikata sana. Laki tano inaonekana imeota usiku. Zile 87,000 za mwisho zinaonekana zimetoka kwenye jedwali.

Ukishaisema, funga mdomo. Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia, kwa hiyo nikushike mkono. Feni inazunguka. Shefu anageuza kalamu, anaitazama simu ambayo haijalia. Ulimi utakuwasha useme, "Lakini hata ukinipa kidogo, shefu, nitashukuru." Sentensi hiyo imewatajirisha matajiri wengi wa mji huu. Imeze. Tazama kalenda iliyo ukutani nyuma yake na usome sikukuu: tarehe mosi Mei, Wafanyakazi, tarehe mosi Julai, Uhuru, 13 Oktoba, Mwanamfalme Rwagasore, 21 Oktoba, Rais Ndadaye. Kabla hujafika Krismasi atakuwa amesema kitu, na akianza yeye, namba yako ndiyo iliyobaki mezani.

7. Akikataa, usitoke mikono mitupu

Mtu aliyekwisha kukataa jambo kubwa huona aibu kukataa dogo mara ya pili mfululizo. Itumie aibu hiyo papo hapo, kabla haijapoa.

Omba cheo. Mashefu wanapenda kugawa vyeo kwa kuwa havitoki kwenye sanduku. Chukua. Kuitwa "Mkuu wa Mapokezi" hakujazi sufuria, lakini mwakani hutauliza mshahara wa mpokeaji; utauliza mshahara wa mkuu.

Omba nauli. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya mji, na petroli ikikosekana mtu wa Kizingwe au Nyabugete anaweza kutembea kwa miguu kutoka mjini hadi kwake. Posho ya usafiri ni ombi ambalo hata shefu mgumu analielewa, maana anakuona ukiingia na vumbi miguuni.

Na omba tarehe. Atasema, "Tutaangalia mbele." Wewe toka kwa heshima, na kabla hujafika mezani kwako mwandikie ujumbe: "Asante sana shefu kwa muda wako na kwa kukubali tulitazame tena suala la mshahara wangu mwezi wa tatu. Nitakuletea takwimu." Hakutaja mwezi wa tatu. Lakini umemshukuru kwa wema, na ni watu wachache wanaoweza kuandika kwamba hawakuwa wema. Atajibu kwa kidole gumba. Kidole hicho kihifadhi vizuri; ni mkataba.

Hayo yote yakigonga ukuta, na yule kijana wa meza ya pili bado anakuzidi kwa kazi ile ile, hapo ndipo Katiba inatoka mkobani. Nenda kwa mkaguzi wa kazi au kwa chama cha wafanyakazi, ukiwa na daftari lako lenye tarehe.

8. Namba uliyoiiba, igawe

Lilly Ledbetter alifanya kazi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, Alabama, tangu 1979 hadi 1998. Alikuwa msimamizi, na hakujua kwamba wasimamizi wenzake wanaume wanamzidi, hadi mtu asiyejulikana alipomwachia kikaratasi chenye mishahara: wake na wa wanaume watatu. Aliposhtaki, Mahakama Kuu ya Marekani ilimwambia mwaka 2007, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba amechelewa. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini na Obama Januari 2009. Yeye mwenyewe hakulipwa fidia yake. Kikaratasi kile kingefika miaka kumi mapema, hadithi ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo akija dada mpya kazini, usingoje akuzoee. Mchukue mkanywe chai siku ya kwanza, umwambie hapa mwanaume wa nafasi yako analipwa kiasi hiki. Usimwonee wivu akianza juu kuliko ulivyoanza wewe. Mshahara wake mkubwa ni namba mpya ya kumpelekea shefu, tena yenye ushahidi.

Halafu rudi nyumbani utazame jikoni. Yupo msichana anayembeba mwanao mgongoni ili wewe uwahi lile basi la alfajiri. Kwa huyo wewe ndiye shefu, una majivuno ya shefu, na ulishamwambia zaidi ya mara moja kwamba hapa kwako hamtupi mtu anayefanya kazi. Anakusikia. Siku moja atasimama mlangoni, macho chini, na atasema, "Mama, jirani alinishauri nizungumze nawe kuhusu mshahara." Atataja namba yenye mkia, kisha atanyamaza. Usimpe avansi. Mwongeze.